Ijumaa ya Mzee Pankrasi Bila Ugali

Kwa miaka thelathini na moja Pankrasi Haule alitunza ghala la mahindi hapa Songea. Alipostaafu, tumbo lake nalo likastaafu. Daktari alimsomea orodha taratibu: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi. Pankrasi alidhani anaandikiwa lishe. Kumbe hivyo ndivyo vyakula asivyopaswa kuvigusa tena maisha yake yote. Alijaribu kubisha mara moja tu, kwa matonge mawili ya ugali kwenye harusi kule Matogoro, akalazwa siku sita.

Siku za kawaida alivumilia. Nyama ikiwa nyingi sahanini, mtu husahau kilichokosekana pembeni yake. Ila Kwaresima ilipoingia, Ijumaa ikaondoa na nyama.

Mkewe, Oliva, hakuwa mvivu. Alichemsha magimbi, mihogo na viazi vitamu, akaviandaa pamoja na birika la chai, kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Hapo ndipo palipoharibika. Mtaa wao mzima wa Msamala unajua kwamba gimbi ni kitu cha asubuhi, cha kusindikiza chai kabla mtu hajabeba jembe. Pankrasi alikunywa chai asubuhi, akanywa mchana, akanywa jioni, na siku zake zikaacha kusogea. Jua lilizama kwa wengine. Kwake ilibaki saa moja asubuhi, ukungu haujatoka mlimani, naye anazunguka uani kama mgeni aliyeamka kabla ya wenyeji.

"Baba Hilda, umeshiba?" Oliva alimuuliza.

"Nimekunywa chai."

"Sahani nzima ya magimbi, halafu unasema umekunywa chai?"

"Na nashukuru sana, mama. Sasa tunakula saa ngapi?"

Ijumaa ya tatu alikataa hata hiyo sahani ya mchana. Alikwishaamua: akitoka kwenye ibada ya Njia ya Msalaba atapitiliza hadi stendi, kwa mama ntilie, ale ugali wa sembe na samaki. Kulazwa atalazwa, lakini atalazwa ameshiba. Hakumwambia Oliva, kwa kuwa wanawake hupenda kuuliza maswali.

Kanisani njaa ilimfanya mwepesi. Katika kituo cha tatu alipiga magoti, akayaona magunia yake yote ya ghalani yakipita juu ya vichwa vya waumini, meupe, bila kelele, yakielekea altareni. Aliyafuata kwa macho kwa uaminifu wa kazi. Katika kituo cha tisa punje zilianza kudondoka kama mvua ya manyunyu, na jirani yake ikabidi amguse bega, maana wengine walikuwa wamesimama.

Njia ya kwenda stendi inapita nyumbani kwa Chande na Zulfa, watu wa Tunduru. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeingia pamoja, mtaa mzima ukawa na njaa kwa zamu. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, mkeka umetandikwa barazani.

"Shikamoo mzee!" Zulfa aliita. "Unakimbilia wapi na jua limezama? Karibu futari."

"Marahaba. Nina safari kidogo."

"Safari gani hiyo ya kumeza mate?" Chande alicheka. "Ninyi Wangoni mkikosa ugali siku moja mnatembea kama mmefiwa. Kaa, bwana."

Pankrasi aliketi kwa heshima tu, dakika moja. Zulfa alisogeza bakuli la uji mbali naye. "Huu una mchele, usiusogelee. Mama Hilda kanisimulia yote ya tumbo lako. Na nyama hamna humu, najua leo Ijumaa yenu."

Akafunua sufuria. Magimbi na mihogo, vimelala ndani ya tui zito la nazi, pembeni dagaa wa Nyasa waliokaangwa. Hakuna birika. Hakuna kikombe. Watu wazima, wenye akili zao, waliokaa na njaa tangu alfajiri, walikuwa wanajipakulia magimbi kama chakula cha jioni, wala hakuna aliyeona aibu.

Alikula. Tui lilishuka, na kitu kilichokuwa kimesimama ndani yake wiki zote hizo kikaanza kusogea kidogo kidogo: ikafika saa nne, ikafika adhuhuri, kivuli kikageuka. Alipopakuliwa mara ya pili alikuwa mzito na mwenye usingizi mtamu, na stendi ilikuwa mbali mno kwa mtu wa umri wake.

Oliva alimkuta hapo, sahani ya tatu mkononi. Alikuwa amemtafuta toka kanisani, na hofu yake ilipokwisha ikageuka hasira palepale.

"Haya si magimbi? Si haya haya uliyoyakataa mchana?"

"Yale yalikuwa chai, Mama Hilda."

"Na haya?"

"Haya ni chakula."

Oliva alimtazama Zulfa, Zulfa akaangalia dagaa. Kisha Oliva akavua kandambili, akaketi ukingoni mwa mkeka, akamega gimbi na kulitafuna kwa ukali wa mkaguzi.

"Chumvi haijakolea," alisema, na mkono ukarudi kwenye sufuria.