Gemu Lililokutwa Sandukuni

Arobaini ya mama yake ilipokwisha, Wahida alifungua sanduku la marehemu ili agawe nguo. Chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne, akakuta gemu la mkononi, la kijivu, lenye ufa ukingoni. Alilitambua papo hapo. Akakaa nalo sakafuni.

Wahida ana miaka thelathini na saba, ni fundi cherehani Bagamoyo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, jirani yao alikuwa mwalimu Genoveva. Linda, binti wa mwalimu, aliletewa gemu hilo na mjomba wake. Lilitokana na zile filamu za maharamia wa angani ambazo watoto wote wa mtaa walizifuata kwenye kibanda cha video. Linda alimpa Wahida zamu moja tu kwa siku, tena fupi. Siku moja Wahida akalichukua, akalificha nyuma ya gunia la mkaa jikoni kwao. Baada ya siku mbili hakulikuta.

Lawama zikamwangukia Shufaa, msichana wa kazi wa mwalimu, mtoto wa miaka kumi na minne kutoka Miono. Alipekuliwa, akapigwa, akarudishwa kwao. Wahida aliyaona yote akiwa dirishani, akanyamaza.

Sasa alijua nani alilitoa nyuma ya gunia. Mama yake alijua, naye akanyamaza miaka ishirini na sita.

Alinunua betri, akatia. Gemu likawaka. Vidole vilikumbuka kila kitu: ruka, inama, piga. Alifika hatua ya tatu akafa palepale alipokuwa akifa utotoni. Kile kimuziki cha kushindwa kilipolia, akazima.

Juma lililofuata alikwenda Miono, akaulizia mpaka akaelekezwa. Alimkuta Shufaa uani akipepeta ufuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Watoka wapi?"

"Bagamoyo. Mimi Wahida. Tulikuwa jirani na mwalimu Genoveva."

Ungo ukasimama. Wahida akaeleza yote bila kujitetea, kisha akalitoa gemu mkobani. Shufaa akalipokea, akaligeuza huku na huku.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Sikuwahi kulishika. Linda hakutaka hata nilifute vumbi." Akalirudisha. "Baba hakuniamini. Kikipotea kitu hapa kijijini, nilitazamwa mimi. Nikaozeshwa mwaka uleule, eti nisiwatie aibu tena."

"Naomba unisamehe, dada."

"Usiniharakishe. Kwanza twende kwa mwalimu. Ukayaseme mbele yangu."

Walikwenda Ijumaa. Mwalimu Genoveva, mstaafu sasa, aliwapokea sebuleni. Wahida akayasema yote tena. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Shufaa yupi? Wasichana wengi wamepita humu."

Wahida alitamani ardhi immeze. Lakini Shufaa alijibu kwa utulivu.

"Shufaa binti Mwinjuma, wa Miono. Ulinipiga kwa mwiko, mwalimu. Hapa." Akagusa kovu lililokata unyusi wake.

Mwalimu alivaa miwani, akalitazama kovu lile kwa muda mrefu.

"Nimekukumbuka," alisema. "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusikia, mwalimu," akasema Shufaa.

Walipofika kituoni Wahida alishindwa kujizuia, akauliza tena kama amesamehewa.

"Sijui," Shufaa akasema. "Nilitaka tu mtu aseme kwamba sikuiba. Hayo mengine bado sijayafikia."

Akapanda gari la Miono, akakaa upande usiomwelekea Wahida.

Huu ni mwezi wa pili tangu siku ile. Wahida huharibu mishono ya wateja, akafumua, akaanza upya. Namba ya Shufaa anayo kwenye simu, lakini anajizuia kupiga. Shufaa naye hajapiga.