Alikuwa Anainamia Uwanja

Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kusema. Nilifika Durban kutoka Kongo, nikalinda magari ya watu kule Point, jua langu, mvua yangu, na leo nina saluni Albert Park na watu wananiita Papa Patron. Kwa hiyo Kombe la Dunia lilipopita, vuvuzela bado zinatuvuma masikioni, nikaamua kuanzisha timu ya mabinti. Sikumuuliza mtu kama najua mpira. Nilinunua filimbi, basi, nikawa kocha.

Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wateja wangu, Wakongomani na Warundi. Halafu akaja Mjapani. Baba yake aliletwa na kazi ya magari yanayoshushwa bandarini, wakakaa kwenye maghorofa mapya ya Point, palepale nilipokuwa nazunguka na fulana ya mlinzi. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama mkia wa kitana.

Baba yake akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mtoto anacheza kiungo, katikati. Nikamtazama juu mpaka chini, nikamweka winga. Kwangu mimi katikati palikuwa mahali pa mtu mwenye mapaja.

Lakini alinipendeza kwa heshima. Kabla ya mazoezi alisimama kwenye mstari wa uwanja, akabana miguu, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. Tukimaliza, vilevile. Mimi nilikuwa nasimama hapo mbele yake na filimbi yangu, kwa hiyo nilijua ananiinamia mimi. Nani mwingine? Nikaanza kupiga pasi shati la mazoezi. Nikaanza kumjibu kwa kushusha kichwa kidogo, kama askofu.

Saluni nikawatangazia wateja: "Mnaona? Watoto wenu wananijibu 'oui, Papa' huku wanatafuna chingamu. Yule wa Japani ananiinamia mpaka chini!"

Mke wangu alikuwa anasuka mtu, hata macho hakuinua. "Labda anafunga kamba za viatu."

Siku moja taxi ikanichelewesha. Nikiwa bado nimesimama kwenye robot, nangoja taa ya kuvuka, nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye mstari uleule, anainama. Mbele yake hakuna mtu. Kuna nyasi, na njiwa wanaokula makombo.

Nikamwita kapteni wetu, binti wa Kikongo mwenye mdomo. "Huyu anasalimia nani?"

"Uwanja, Papa. Akiingia anaomba ruhusa, akitoka anashukuru. Sisi wote tunajua toka zamani."

"Na hamkuniambia?"

"Eish, Papa, ulikuwa na furaha sana. Na ile shati ilikuwa inakupendeza."

Nikanuna wiki nzima. Mzee mzima nimemkasirikia mtoto wa watu kwa sababu amesalimia majani. Na kwa kununa huko, nikamwacha palepale pembeni.

Hapo ndipo habari ikafika. Mama mmoja, kocha wa timu ya mabinti ya jimbo, angekuja kutazama mechi yetu na wasichana wa Chatsworth, na alikuwa anatafuta kiungo tu. Kapteni akanieleza mambo ya mwenzake. Mwisho wa mwaka baba anarudishwa Japani. Kule kwao klabu ilimkataa kwa udogo wa mwili, ikamwambia labda arudi akiwa amecheza katikati kwenye timu kubwa, si ya mtaani. Asipopata, baba amesema mpira unaisha, ni vitabu tu.

Niliyasikia yote. Siku ya mechi nikampanga wapi? Winga.

Kipindi cha kwanza mabinti wa Chatsworth walipita katikati yetu kama watu wanaokwenda sokoni. Mimi nilipiga kelele "Mbele! Piga mbele!" ambalo ndilo lilikuwa somo langu lote. Mjapani alisimama kwenye mstari wake, mpira haumfikii. Yule mama wa jimbo akaanza kutazama simu.

Mapumziko, binti akaja mbele yangu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wenzake.

"Papa, kule mpira haiko. Mimi, katikati."

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mtoto hapangi timu. Kapteni akaniwahi. "Papa, pale katikati iko wazi kama saluni yako siku ya Jumatatu."

Timu nzima ikacheka, na golikipa ndiye aliyecheka zaidi.

"Kimya! Nilikuwa nangoja kipindi cha pili. Ni mpango."

"Mpango gani, Papa?"

"Wa siri. Mjapani, nenda katikati."

Kabla mpira haujamfikia, alitazama nyuma ya bega hili, kisha lile, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Mpira ukifika, anaugusa mara moja, umeondoka. Beki mmoja mkubwa wa Chatsworth alimfuata kwa nguvu zote, akakuta hewa. Filimbi ikabaki mdomoni mwangu. Tulikuwa nyuma, tukasawazisha. Yule mama akatia simu mfukoni.

Mechi ilipoisha akanifuata. "Nani amemfundisha kutazama nyuma hivyo?"

"Mimi." Neno lilitoka lenyewe.

"Unafundishaje?"

"Polepole."

Kapteni akakohoa mpaka wakampiga mgongoni. Mama akamwambia Mjapani afike kwenye mazoezi ya jimbo wiki inayofuata, ana nafasi ya kiungo. Baba yake, aliyekuwa anatazama pembeni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Binti akarudi kwenye mstari, akauinamia uwanja muda mrefu. Kisha akageuka, akaja kwangu. Nikasema moyoni, leo sitangoja kuinamiwa. Nitamwinamia mimi kwanza, ajue mzee wa Kongo anaijua dunia. Sikujua kwamba wenzake walikuwa wamemfundisha salamu yetu wazee wa Kikongo, ile ya kugusanisha vichwa, upande huu, upande ule, halafu paji kwa paji. Mimi nikashuka kwa kasi, na yeye akaja na kichwa chake.

Ngwa!

"Pole, Papa! Pole!" Ameshika paji lake na anacheka, na mimi nimekaa kwenye nyasi na shati langu la pasi.

Saluni mke wangu akanibandika barafu kwenye nundu. "Haya, leo amekuinamia?"

"Amenisalimia," nikamwambia. "Tazama mwenyewe."