Supachaja ya Malimi na Waranti ya Coleta

Mafundi wa magari Sumbawanga ni wengi, na ukimuuliza mmoja wao waranti ya kazi yake, mara nyingi atakupa namba ya simu. Namba hiyo itapokelewa wiki ya kwanza. Wiki ya pili fundi yuko msibani Laela, na wiki ya tatu simu imeingia maji. Coleta Polikarp wa mtaa wa Malangali hakuwa fundi wa namna hiyo, na alijivunia jambo hilo waziwazi, bila kuona haya.

Alizaliwa kijijini Kate, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi. Injini ya kwanza kuigusa ilikuwa ya mashine ya kusaga ya parokia, iliyozimika msimu wa mavuno huku kina mama wamepanga ndoo zao foleni. Alikuwa na miaka kumi na sita. Akaifungua, akasafisha pampu ya dizeli, mashine ikawaka, na Jumapili paroko akamtaja kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Alijifunza miaka saba kwa Mzee Gaudensi, fundi mkongwe wa mjini, kisha akafungua gereji yake. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, na mikono ambayo sabuni imeshaikatia tamaa.

Mwaka jana, Pasaka ilipopita, akaja Malimi. Malimi ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe wao, yeye ng'ombe akawaachia kaka zake na kuingia kwenye biashara ya dagaa. Huwanunua Kirando, kule ziwani, akawapandisha hadi Sumbawanga kwa pikapu ya petroli. Pikapu hiyo, iliyotumika, alikuwa ameinunua kwenye yadi moja ya Mbeya miezi minne nyuma. Ilikuwa gari zuri, ila likipanda mlima na mzigo lilihema mpaka dereva mwenyewe akalionea huruma.

Siku hiyo Malimi aliteremsha sanduku la mbao lililotoka Dar es Salaam kwa basi. Ndani yake mlikuwa na supachaja, nayo imetumika, ya injini ya aina ileile.

"Fundi, nataka unifungie hii," alisema. "Nimechoka kupitwa na malori."

Coleta aliigeuza mikononi taratibu. Supachaja huzungushwa kwa mkanda wa injini, na kazi yake ni kusukuma hewa ndani kwa nguvu, hewa nyingi kuliko injini inavyoweza kuvuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa, na gari hupata nguvu. Alikuwa amezisoma, hajawahi kuifunga hata moja, na hakumjua fundi yeyote mjini aliyewahi. Aliitamani mno ile kazi, lakini akaliweka chini lile dude.

"Gari lina waranti, Baba Kija?" alimuuliza Malimi, akimwita kwa jina la mwanawe.

Lilikuwa nayo. Malimi akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, wakakaa kwenye benchi kuisoma. Mwaka mmoja, injini na gia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kutesa macho, iliandikwa kwamba mabadiliko yoyote ya kuongeza nguvu ya injini yanafuta waranti ya injini. Coleta akamwambia apige simu yadi, na aweke sauti wote wasikie. Mtu wa yadi alijibu bila kuzunguka: wakifunga kitu hicho, injini si yao tena, gia ikisumbua wataikagua kwanza, wakiona imelemewa na nguvu ya ziada, nayo si yao.

"Kuna fundi kaniambia tufunge tu," Malimi alisema simu ilipokatika. "Injini ikifa, tunaifungua supachaja, tunaipeleka gari Mbeya kama hatujui kitu."

"Huo ni wizi wa kutumia spana," alisema Coleta. "Mimi sifanyi. Una miezi minane ya waranti. Ukitaka nguvu, unaipoteza ukijua unaipoteza. Nenda kafikirie."

Malimi alirudi siku ya tatu. Alikuwa bado anaitaka supachaja, lakini aliogopa kubaki na injini isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo Coleta alipofanya jambo ambalo gereji nzima iliona ni wazimu. Akachana karatasi ya daftari, akaandika kwamba kwa miezi minane, injini ya gari hilo ikiharibika kwa sababu ya kazi yake, ataitengeneza au ataleta nyingine kwa gharama yake. Petroli mbovu na ajali hazimo. Akasaini, akapiga muhuri wa gereji.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Alichomelea kishikio mara tatu mpaka mkanda ukakaa sawa, akabadilisha pampu ya petroli, akafunga kiboksi cha kupangia petroli na taiming, yaani muda wa plagi kuwasha moto. Akalijaribu gari na mifuko ya mahindi kwenye kila mwinuko wa kuzunguka mji. Lilipanda kama limeitwa nyumbani. Malimi alicheka peke yake kwenye usukani, na Coleta akarudi gereji amenyoosha shingo.

Siku ya pili Malimi akapiga simu kutoka Kirando. "Fundi, inagonga. Nikikanyaga mafuta ni kama karanga zinakaangwa kwenye bati."

"Zima. Usiwashe tena mpaka nifike."

Mzee Gaudensi alikuwa amekuja kumsalimu, akasikia yote. "Mwanangu, huko ziwani petroli inauzwa kwenye madumu," alisema. "Mwambie ni petroli. Umeandika mwenyewe kwamba petroli mbovu haimo. Umepona."

Coleta alikuwa amekwisha kujua kosa liko wapi, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Gari lote alikuwa amelipangia huku juu, kwenye uwanda wa Ufipa, ambako hewa ni nyepesi. Kirando iko chini karibu mita elfu moja, na hewa yake ni nzito. Supachaja ilikuwa inaisukuma ile hewa nzito ndani ya injini iliyopangiwa hewa ya mlimani, na petroli ikawa inalipuka kabla ya wakati wake. Mtu wa pwani asingekosea hivyo. Ilihitaji fundi aliyezaliwa juu, akakua juu, akasahau kwamba dunia ina chini.

"Shikamoo tena, Mzee," alisema akichukua begi la vifaa. "Mimi nateremka."

Alilikuta gari kando ya vichanja vya kuanikia dagaa, limezungukwa na wavuvi, wachuuzi na mafundi wawili wa pale, ambao walikwisha kuamua kosa ni la petroli. Malimi mwenyewe alikuwa amekubali, amenyong'onyea. Coleta alinusa petroli, akaimimina kidogo kwenye chupa, akaitazama juani.

"Petroli yako haina kosa," alimwambia mbele ya wote. "Kosa ni langu. Nimelipangia gari hewa ya Sumbawanga, na wewe unafanyia kazi Kirando."

Fundi mmoja alimtazama kama mtu aliyejitia kidole jichoni. Coleta akavua koti. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, lakini pistoni zilikuwa nzima, kwa sababu Malimi alizima alipoambiwa. Gasketi mpya aliiagiza kwa pesa yake, ikafika kesho yake kwa basi. Akafunga, akarudisha taiming nyuma, akaongeza petroli, akalijaribu palepale ziwani siku mbili mpaka sauti ya karanga ikapotea kabisa.

Kisha wakapakia dagaa, mzigo kamili, wakaanza kupanda. Gari lilipita lori la kwanza, likapita la pili, na Coleta akawa anasikiliza injini kwa tumbo zima. Juu kabisa Malimi akasimama, akafungua boneti injini ipoe. Dereva wa lori moja walilolipita akafika, akashuka kushangaa chini ya boneti.

"Kaka, hiki kidude si kinaua waranti?" aliuliza.

"Ya Mbeya imekufa," alisema Malimi. "Nina ya huyu mama."

"Ya fundi wa mtaani? Hizo huwa ni maneno tu."

"Hii imeshafanya kazi," alisema Malimi, akafunga boneti. "Juzi, Kirando, watu wote wakiona."

Coleta akageuza uso upande wa mashamba ya ulezi, kwa sababu alikuwa anatabasamu kupita kiasi kwa mtu aliyetoka kukosea.