Miiba ya Bibi Mwaja

Utotoni mwangu, kule kwetu Bahi, gari la wagonjwa lilikuwa gari la mumiani. Lilikuwa jeupe, huoni ndani, na mwaka wa kipindupindu wengi waliopakiwa humo hawakurudi. Tulitaka ushahidi gani tena?

Bibi Mwaja, aliyetulea mimi na mdogo wangu Nyemo, alikuwa na kinga yake. Alikata matawi ya miiba, akayalaza kwenye njia ya kuingilia nyumbani, na mbele yake akamwaga mstari wa majivu. Ugonjwa ulikuwa hauvuki hapo, na sisi tulikatazwa kuvuka.

"Atakayevuka," alisema, "atauita uje kumchukua mtu humu ndani."

Siku ya tatu Nyemo akaanza kuhara maji matupu. Aliposikia gari linakuja, Bibi akamficha kwenye kilindo, lile pipa la magome tulimohifadhi mtama, akafunika ungo juu. Muuguzi akashuka, akasimama nyuma ya miiba.

"Shikamoo, mama. Hapa wote wazima?"

"Marahaba. Wazima kabisa."

Muuguzi akanitazama. Nikaangalia chini. Akapanda gari, wakaondoka.

Nilifunua ungo. Nyemo alikuwa ameegemea mtama, macho yamezama, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Nilishikwa na hofu kubwa kuliko ile ya mumiani. Nikatoka mbio, nikaruka majivu, nikaruka miiba, mmoja ukanichana kisigino, nikalifukuza lile gari kwenye vumbi nikipiga kelele, "Yupo! Yupo kwenye kilindo!"

Nyemo alitundikiwa dripu, akapona. Siku mbili baadaye Bibi akaugua. Akapakiwa kwenye gari lilelile, na hakurudi.

Nilikuwa na miaka tisa, na neno la Bibi lilikuwa limetimia kwa miguu yangu. Nilibeba hatia hiyo mpaka chuo cha uuguzi, tulipofundishwa jinsi kipindupindu kinavyoenea. Nikakumbuka ni Bibi aliyefua nguo za Nyemo kwa mikono mitupu, bila sabuni. Nililia palepale darasani, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Kazi yangu sasa ni kwenye gari jeupe kama lile. Wakati wa korona tuliitwa nyumba moja Mkonze. Mzee mmoja alikuwa ameziba geti kwa matawi ya miiba, na mkewe tulimsikia akihema kwa shida ndani.

"Nyie mnachukua watu, hamrudishi," mzee alisema.

Dereva alitaka tuyavute tu yale matawi. Nikamkatalia.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Hujakosea kuziba. Hata sisi tunawaambia watu wasitembeleane. Ila ugonjwa umeshaingia, uko humo ndani na bibi. Sivuki mpaka unifungulie. Wala siondoki."

Yule muuguzi wa Bahi aliona mtoto anaangalia chini, akaenda zake. Simlaumu sana, siku ile alikuwa na nyumba nyingi za kupita. Lakini niliapa kwamba mimi sitaondoka hivyo.

Jua lilitupiga pale getini. Mwishowe mzee akainama, akashika tawi la kwanza. Nami nikashika mwisho wake wa upande wangu, tukavuta.

Bibi Mwaja sikuweza kumrudisha. Huyu mke wa mzee, alipopona, nilimrudisha mwenyewe, mchana kweupe, na nikamwambia dereva apige honi mtaa mzima.