Nilivyostaafu Kazi ya Kuwa Maiti

Nianze na ujinga wangu, tumalizane nao mapema: maiti wa mchezo wetu hakuwa na jina, nami nikampa jina la kaka yake Mama bila kumwomba Mama ruhusa.

Sasa kazi yenyewe. Nyie wadogo zangu wa Gredi ya nane mnaotaka kuigiza, msikilizeni mzee wenu wa Gredi ya kumi. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa kanisa letu, mtaa wa Umbilo. Tulikuwa tunatayarisha mchezo juu ya familia zinazokimbia vita, ili majirani zetu wenyeji wajue sisi wageni, watu wa saluni na wa kutengeneza simu, tulipitia nini. Bwana Mkurugenzi, ambaye siku za kazi hunyoa watu kule mtaa wa Point, alinitazama ninavyochekesha wenzangu, akaamua.

"Weye utakufa mapema," akasema. "Kisha unyamaze mpaka mwisho."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Na kufa kuna ufundi, msidharau. Iko pumzi ya mbavu: unapumulia ule upande usioonekana na watu, shati lisipande na kushuka kama la mtu aliyekimbiza taxi. Iko pia kufa kwa ubavu, uso umeelekea ukutani, unapepesa macho utakavyo. Mimi nilianza na kufa chali, cheo cha chini kabisa, maana inzi wote ni wako.

"Maiti, unacheka," Mkurugenzi aliniambia.

"Sicheki, bosi. Ni meno tu yanaonekana."

"Yafunike. Marehemu hana furaha ya namna hiyo."

Baada ya onyesho la South Beach, ambapo nilipiga chafya na kuomba samahani, nilipandishwa cheo nikawa maiti wa ubavu mwenye jina. "Chagua jina," akasema Mkurugenzi, "mke wako wa mchezoni apate mtu wa kumlilia." Nikasema Bahati. Picha ya Mjomba Bahati iko juu ya televisheni yetu. Siku ile yeye na Mama wanakimbia vita, alitoka kutafuta maji, hakurudi. Hakuna aliyemzika. Mama alikataa kumwekea matanga. Alisema ni kumfungia mtu mlango akiwa bado njiani. Jina lake nyumbani halitamkwi. Na kwa kuwa Mama hatazami hata tamthilia, sikudhani angekuja kwenye onyesho la Umbilo.

Alikuja. Akakaa mstari wa mbele, kati ya akina mama wa kwaya.

Nikapigwa risasi, nikaanguka vizuri. Mke wangu, yaani Neema wa darasani kwetu, anayenichukia kwa dhati, akapiga magoti akaita, "Bahati, amka. Bahati." Nikasikia kiti kinasogezwa, kisha viatu vya Mama. Eish. Nikajua sasa ninakufa kweli.

Hakunivuta sikio. Alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanifunika mpaka kichwani, akakaa sakafuni.

"Bahati," akasema, "tulikungoja pale darajani. Tulikungoja sana." Akalia. Akina mama wa kwaya wakapanda jukwaani, wakaketi naye, wakaanzisha wimbo wa matanga.

"Muwaache," Mkurugenzi akasema nyuma ya pazia. "Hii haiko kwenye mchezo, lakini muwaache."

"Ukijitikisa nakuua," Neema akaninong'oneza.

Pua ikaanza kuniwasha. Ningeamka, Mama angempoteza kaka yake mara ya pili, mbele ya watu, kwa ajili ya pua yangu. Nikapumua kwa mbavu. Lakini chini ya kitenge kulikuwa na joto, wimbo ulikuwa mrefu, na mbele ya wanataaluma wenzangu sifichi kitu: nililala. Nikakoroma.

Wimbo ulikatika. Waliponifunua, akina mama walikuwa na mashavu yaliyoloa, wengine wameng'ata ncha za vitenge wasicheke.

Nikaomba kustaafu palepale. Mkurugenzi alikubali kabla sijamaliza sentensi. Siku hizi napanga viti; kazi nzuri, kiti hakina mjomba.

Tulirudi kwa miguu, mimi nikisubiri kipigo. Kwenye robot ya Umbilo Road, zile taa za kuongoza magari, ikawaka nyekundu. Mama akasimama, akakunja kitenge chake, akasema:

"Bahati naye alikuwa anakoroma hivyo hivyo. Nilikuwa nimesahau."