Kompyuta Iliyobaki Ofisini

Papa, baba yangu, alianguka siku ya Jumanne, kati ya kitanda na mlango, akabaki sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja mchana kuomba moto. Mimi nilikuwa ofisini Makiso, katikati ya mji, naandika ripoti. Nilipofika nyumbani, mtaani Mangobo, majirani walikuwa wamekwisha kumpangusa na kumkalisha, mkono wake wa kuume, ule uliopooza, umelazwa juu ya mto.

"Mimi iko bien," akasema kwa ulimi wake mzito. "Kesho enda kazi."

Bien gani hiyo, uzima gani huo, jamani! Nililia jikoni huku natwanga pondu, yale majani ya muhogo, ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Nikamwendea mkurugenzi. Akanisikiliza, akakuna kichwa, akanipa wiki mbili za kujaribu kufanya kazi nyumbani, kwa sharti moja: ripoti ya kila Ijumaa ifike kabla ya saa tisa alasiri. Ikikosa hata mara moja, narudi ofisini kila siku. Na mtu mwingine wa kukaa na papa sikuwa naye.

Fundi wetu akaweka programu ya kuiendesha kutoka mbali kwenye kompyuta yangu ya ofisini, na nyingine kwenye laptop aliyoniazima. "Ile ya ofisini isizimwe," akaniambia. "Ikizimika tu, huingii." Nyumbani nikakaa ukingoni mwa kitanda cha papa, nikawasha intaneti ya simu, nikaandika namba alizonipa. Faili zangu zote za Makiso zikatokea pale mapajani mwangu! Nilipiga kigelegele. Papa akainua shingo, akatazama kishale kikitembea.

"Na kiti yako kule, nani anaikalia?"

"Hakuna mutu, papa."

"Bon. Iache ipumuzike."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu augue.

Fundi na mimi tulifikiria kila kitu isipokuwa mvua. Kisangani, wingu likitanda tu, watu kwa kuogopa radi wanachomoa redio, televisheni, friji, kila chenye waya. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitufokea tukisahau. Na sentinelle, mlinzi wa ofisi yetu, mzee mwenye bidii zake, hangojei hata tone la kwanza.

Ijumaa ya pili, saa saba, mbingu ikafunga. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja. Picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Nikampigia mzee simu.

"Mama, usiogope," akasema kwa fahari. "Nimeshatosha ma-fil yote, hakuna waya hata moja kwa ukuta. Machine yako nimeifunika na bâche, turubai nzima."

Nikangoja. Saa nane na robo mvua ikakatika, ngurumo ikabaki mbali ng'ambo ya mto. Nikapiga tena, nikamwomba arudishe umeme na kubonyeza kidude cha kuwashia.

"Hapana, mama. Radi ingali inasemasema. Machine ikiungua, ni mimi wataniuliza."

Nikabembeleza. Kisha nikafoka, maana hasira zangu haziko mbali, naye akazidi kukataa. Nikaitupa simu kitandani bila kuikata, nikaanza kutafuta viatu. Kwa pikipiki, kwenye tope lile, nisingewahi, lakini ningekaa tu?

Ndipo nikasikia papa anaongea. Alikuwa ameishika simu sikioni kwa mkono wa kushoto.

"Papa sentinelle," akasema, neno moja moja. "Rudisha courant. Mutoto wangu akirudi bureau, mimi nitabaki peke yangu. Niko naogopa. Ile siku nilianguka, nilimuita. Nilimuita mpaka sauti ikaisha."

Nilisimama na kiatu kimoja mguuni. Kwangu mimi hakuwahi kusema hivyo, hata siku moja.

Nikamsikia mzee akijibu polepole, "Eh, papa. Naenda kuiwasha."

Kioo kikarudi. Nilichokwisha kuandika kilikuwamo chote, kimejihifadhi. Nikamalizia ule ukurasa, ripoti ikaondoka saa tisa kasoro dakika tano.

Papa akanirudishia simu bila kuniangalia, akageukia ukuta.

"Jumatatu enda kazi," akasema. "Mimi iko bien."

Nikavua kile kiatu, nikapanda kitandani, nikaegemeza mgongo wangu kwenye mgongo wake.

"Niko kazini, papa," nikamwambia.