Leso Isiyofuliwa

Evalyne Mukonyo, binti wa Nzuki, mjane wa Mwololo, ni mjukuu wa yule Mbithe aliyebeba maji ya mto Athi kwa kibuyu, akapanda nayo kilima ili shule ikandikwe ukuta, na jioni ya siku hiyo hiyo akajifungua. Mama yake Mukonyo naye alichimba matuta na kikundi cha mwethya, wanawake wanaolimiana kwa zamu, miaka ile ya njaa, mtoto akiwa amelazwa kwenye kivuli juu ya mabua ya mbaazi. Mtoto akilia, jembe linawekwa chini, mtoto ananyonya, mama anarudi kwa mstari wake. Wala hakuna aliyemwuliza ulikuwa wapi.

Mukonyo mwenyewe alifika Kitengela wakati nyumbu walikuwa bado wanapita pale penye maduka makubwa siku hizi. Aliwapikia githeri, mahindi na maharagwe, wachonga mawe wa machimbo, sufuria mbele, mtoto mgongoni, na watoto watano wakakua hivyo hivyo ndani ya moshi. Mkono mmoja unakoroga, mwingine unarekebisha leso ili mdogo alifikie ziwa. Mchonga mawe akilalamika kuna unywele ndani ya githeri, alikuwa anamwambia, "Huo ni wa mtoto, kula, ni baraka." Kitu kimoja alikuwa anajivunia kuliko ploti na kuliko kiti chake cha mbele kanisani: hakuna mtoto aliyewahi kulia njaa mikononi mwake.

Ndiyo maana hili la mwaka huu limemkalia kama mfupa kooni.

Mtoto wake Mulei anaendesha lori la ng'ombe kutoka Bisil, leo yuko huku kesho yuko kule, na lori likiharibika anakaa nalo barabarani mpaka lipone. Alioa Selpha, msichana wa Makokha wa Bungoma, mpole wa maneno lakini mgumu ndani kama mbegu ya embe. Selpha ameandikwa kazi kwenye shamba la maua, upande wa kwenda Isinya, anachagua na kufunga waridi. Mshahara huo ndio unaowaweka ndani ya nyumba. Walipojaliwa mtoto wa kiume, alipewa jina la babu yake kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Akawa Mwololo. Na kwa kuwa ni Mwololo, Mukonyo hamwiti mjukuu. Anamwita mume wangu.

"Mume wangu ameamka na hasira," anatangaza asubuhi, na ploti nzima inacheka.

"Mwulize jana alilala wapi," anajibu Soipan, jirani wao Mmaasai mwenye ng'ombe, akipima maziwa mlangoni. "Wanaume wa siku hizi hawaaminiki."

Likizo ya uzazi ikaisha. Jioni ya kuamkia kazi, Mukonyo aliingia chumbani akamkuta Selpha ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, anajikamua maziwa ndani ya chupa.

"Unafanya nini hiyo?"

"Ni ya kesho, Mama. Nesi alituonyesha. Yanawekwa mahali baridi, halafu utampa na kijiko."

Mukonyo aliitazama ile chupa. Huko alikozaliwa, mwanamke anayekamua maziwa yake ndani ya chombo alikuwa mmoja tu: yule aliyetoka kumzika mtoto, ziwa likawa linauma na hakuna wa kulinyonya. Aliliona jambo hilo kwa macho yake, kwa dada yake mkubwa, akakamua ndani ya kikombe cha bati na kumwaga nyuma ya nyumba. Sasa hapa kuna mtoto mzima, amenona, anacheka, na mama yake anafanya ya kilio.

"Maziwa yakitoka kwa mama bila kupita kwa mtoto yamekufa," alisema. "Unataka kumwitia mume wangu nini kwa hii nyumba?"

"Mama, nesi alisema..."

"Huyo nesi amezaa wangapi?"

Selpha alifunga kifuniko cha chupa. Kwao mkwe hajibizwi. Mukonyo alichukua chupa, akatoka, akaimwaga kwenye shina la sukuma wiki, kisha akaitupa chupa nyuma ya tangi la maji. Aliporudi alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Usiwe na wasiwasi, mwana wa Makokha. Mtoto atakufuata. Niko na mgongo."

Na kweli mtoto alimfuata. Kila siku ya kazi, kabla ya saa ya chakula, Mukonyo alimfunga mjukuu mgongoni, akapanda bodaboda mpaka geti la shamba. Bawabu alikuwa Saruni, kijana wa Kajiado mwenye shuka juu ya sare.

"Takwenya, Yeyo," Saruni anamsalimia, akimwita mama kwa lugha yao.

"Iko," anajibu Mukonyo. Maa yake, lugha ya Wamaasai, ilikuwa hiyo na nyingine kidogo ya kununua mbuzi.

"Umemleta mzee?"

"Nimemleta. Ameuliza kama mke wake mdogo amepika."

Selpha anatoka anakimbia, anakaa juu ya jiwe kando ya ua, mtoto ananyonya mpaka macho yanazunguka. Wanawake wengine walianza kuiga, mama zao na dada zao wakawa wanakuja na watoto, geti likachangamka kama soko dogo. Mukonyo alikuwa anaketi katikati yao kama chifu. Akawaambia, "Mnaona? Hakuna kazi isiyokubali mtoto. Ni nyinyi mnaiogopa."

Kisha Februari ikakaribia, msimu wa maua ya wapendanao. Hapo ndipo waridi hukatwa mchana na usiku, na huko Ulaya mtu anampelekea mpenzi wake shada bila kujua limefungwa na nani. Mukonyo alifika getini akakuta limefungwa kwa mnyororo, na Saruni anatazama viatu vyake.

"Leo hawatoki, Yeyo. Amri imetoka ofisini. Wanakula kwa zamu, huko huko ndani, mpaka msimu uishe."

"Basi fungua niingie mimi."

"Wageni hawaruhusiwi."

"Mgeni ni nani hapa? Huyu?" Alimgeuza mtoto amtazame Saruni. "Mwambie yeye."

Saruni hakuweza kumwambia. Alikuwa na mtoto wake mdogo huko Kajiado. Mwololo alianza kulia, kwanza kwa heshima, kisha kwa fujo, na kile kilio kikapita juu ya ua kikaishia kwenye paa za nailoni na mngurumo wa mashine za baridi. Mukonyo alijua jambo moja ambalo kila mama analijua: kilio cha mtoto kinayaita maziwa. Alijua pia kwamba huko ndani kilio hakifiki.

Alikaa juu ya lile jiwe la Selpha. Akajaribu uji mwepesi, mtoto akautema. Akajaribu maji ya glukosi, akayatema. Mwisho, bila kuangalia nani anamtazama, mwanamke huyu aliyezika mume na kufunga ukurasa wa uzazi zamani, alifungua vifungo vya blauzi yake ya kanisa akampa titi lake kavu. Mtoto alilishika. Akavuta, akavuta, akaliachia, akamtazama usoni kama mtu aliyedanganywa na rafiki. Kisha akalia upya.

"Samahani, mume wangu," Mukonyo alimwambia. "Duka limefungwa."

Saruni alisikia, akataka kucheka, akashindwa. Akapiga simu ofisini.

Alikuja msichana mmoja, Shirleen, amevaa kitambulisho shingoni, ana adabu ya shule. Alichuchumaa kabisa mbele ya Mukonyo, akamshika mtoto kidole. "Pole sana, shosho. Hata sisi tunajua. Sheria inataka kampuni iwe na chumba cha akina mama, na tuko nacho, kina hata kochi na friji. Lakini sasa hivi kimejaa katoni, hakuna mahali pengine pa kuziweka. Msimu ukiisha tutakifungua."

"Na huyu anyonye msimu ukiisha?"

Shirleen alikiachia kidole cha mtoto. Hakuwa na uwezo kuliko yule bawabu, wala bawabu hakuwa na uwezo kuliko mtoto. Mukonyo alizoea kugombana na watu wenye nguvu, na siku hiyo alitafuta wa kugombana naye asimpate. Hapo ndipo alipoishiwa kabisa.

Mtoto akaanzishiwa maziwa ya ng'ombe wa Soipan, yaliyochemshwa na kuongezwa maji. Tumbo likakataa. Akaharisha, shavu likapungua, ile shingo ya mafuta ikawa shingo tu. Kliniki walipompima waliuliza, "Mama yake yuko wapi?" kana kwamba amekimbia. Mukonyo alimfunga mtoto mgongoni akatoka.

Jioni Selpha alikuwa anarudi vidole vimechanwa na miiba, anamkimbilia mtoto kabla ya kuvua viatu. Mwanzoni dastkoti yake, lile koti la kazi, ilikuwa inarudi imelowa kifuani, maziwa yamejimwaga yenyewe huku anafunga maua, na supavaisa wake akamwambia avae kitu ndani, anaharibu katoni. Baadaye dastkoti ikaanza kurudi kavu. Hiyo ndiyo iliyomtisha Mukonyo zaidi. Alikuwa anaikagua kila jioni kabla ya kuiloweka, anapapasa kifuani pale, na siku zilivyokwenda mkono wake haukupata unyevu.

Siku moja ya mapumziko, jua likiwa juu, alimwambia Selpha bila kumtazama, "Kamua basi. Vile nesi alisema. Kamua kwa chupa."

Selpha aliinua macho. Hakusema "si ulinikataza." Ingekuwa afadhali angesema.

"Nimejaribu, Mama. Nimekuwa najaribu kule chooni. Wenzangu wanagonga mlango, supavaisa anaita jina langu. Nikibinya hakitoki kitu. Ni kama mwili umeamini mtoto hayuko." Akavitazama vidole vyake vilivyochanika. "Na nikiacha kazi tunakula nini? Lori la Mulei liko juu ya mawe huko Bisil."

Mukonyo alitoka akaenda kusimama kwenye sukuma wiki. Zilikuwa zimestawi, hasa lile shina moja. Alilitazama mpaka Soipan akamkuta hapo na kibuyu chake cha maziwa.

"Unaongea na mboga?"

Mukonyo akamweleza yote, hata ile chupa. Soipan hakumcheka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri.

"Kwetu ng'ombe akifiwa na ndama, anafunga maziwa," alisema. "Hata umpige, hatoi. Basi tunamchuna ndama, ngozi tunaitia chumvi, tunamwekea mama yake mbele. Anairamba, ananusa, anateremsha maziwa."

"Ndama wangu hajafa!"

"Nimesema amekufa? Nasema ng'ombe ananusa." Soipan akainuka, akajipangusa. "Mama Mwololo huko ndani ananusa dawa na maua. Atateremshaje?"

Mukonyo alikasirika hivi kwamba hakumuaga Soipan. Kumpa mama mwenye mtoto hai ngozi ya ndama! Hiyo ni ile ile habari ya kikombe cha bati, imekuja na nguo nyingine. Alipika, akala kidogo, akamwogesha mtoto, akamfunga ndani ya leso aliyolala nayo jana. Akainusa. Ilinuka maziwa yaliyoganda, mkojo kidogo, na ile harufu ya utosi wa mtoto ambayo haina jina. Mwanamke huyu alikuwa anachemsha leso za watoto kila siku, na wake wa wanawe walimsema kwa usafi wake.

Hiyo hakuichemsha.

Alikwenda nyuma ya tangi, akainama mpaka kiuno kikalia, akaitafuta chupa kati ya majani. Akaisugua na majivu, akaichemsha, akaianika jua likaikausha.

Asubuhi yake, Selpha akiwa anafunga kamba za viatu vya kazi, mtoto yuko mgongoni kwa bibi ananung'unika kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka kudai, Mukonyo alimpa mkoba. Ndani kulikuwa na chupa, na leso iliyokunjwa na kuwekwa ndani ya karatasi ya nailoni ili harufu isitoke.

"Mama, hii ni chafu," Selpha alisema.

"Najua ni chafu. Nyamaza unisikize, sijui kama itasaidia." Yeye hakuwa na mazoea ya kusema hajui, na maneno yalimtoka kwa shida kama mtu anayetema kokoto. "Ukipata nafasi, nenda hata kwa hicho choo. Wakigonga, wagonge. Funga macho, weka leso puani, umfikirie mume wangu, halafu ukamue. Likitoka tone moja, lete tone moja. Mimi nitampa na kijiko, sitamwaga tena. Ukikosa leo, kesho ujaribu, na kesho kutwa."

Selpha aliukumbatia mkoba. Nje honi ya gari la kampuni ililia.

"Na hiyo leso," Mukonyo alimwita akiwa ameshafika mlangoni, "jioni ulete nimlaze nayo tena. Usiifue, mwana wa Makokha. Hata inuke namna gani, usiifue."